Ninyi Mnakimbia Nini? Komunyo, Hamira na Usiku wa Pasaka

Alhamisi Kuu ya mwaka juzi nilialikwa kwenye karamu moja hapa Malindi. Kanisa lenyewe nitaliacha bila jina, maana walinilisha vizuri. Ukumbini walikuwa wametandika mikeka, na kila watu sita wakawekewa sinia: mbuzi wa kuchoma kwa kuwa kondoo hakupatikana, chapati "zisizotiwa chachu" ziking'aa mafuta, kachumbari iliyozidishwa pilipili ishike nafasi ya mboga chungu, na juisi ya zabibu katika vikombe vya karatasi, vinne kwa kila mtu. Mhubiri akasimama akasema, "Wapendwa, hivi ndivyo Bwana alivyokula na wanafunzi wake usiku ule. Hivi hivi." Tulipofika kikombe cha tatu akatuambia ndicho kilichozaa Meza ya Bwana.

Watu wakaitikia amina. Nami, niliyelelewa Ukatoliki na kutumikia altareni tangu darasa la tano, nikaitikia kwa kichwa tu, mdomo ulikuwa umejaa. Lakini ile "hivi hivi" ilinikaa kooni kuliko mfupa wa mbuzi.

Jumatatu ya Pasaka nikaenda kununua mahamri kwa mama mmoja wa Kibajuni, jirani yetu anayenijua tangu nikitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikukuu njema. Ati mkate wenu wa kanisani hautiwi hamira? Kwa nini?"

Nikaanza kumweleza habari za Wana wa Israeli, jinsi walivyotoka Misri mbiombio, unga ukakosa nafasi ya kuumuka. Akanikata kauli huku akigeuza mahamri kwenye karai. "Hayo ya Nabii Musa nayajua. Nawauliza ninyi. Ninyi mnakimbia nini?"

Nililipa nikaondoka bila jibu. Tangu siku hiyo maneno mawili yananifuata, lile la mhubiri na lile la muuza mahamri, na nimekuja kuona ni suala moja: komunyo tunayopokea, yaani mkate na divai ya Meza ya Bwana, imetoka kwa Wayahudi, hilo halina ubishi, ila haikutoka kwa njia ile fupi tunayosimuliwa.

Kondoo asiyetajwa

Tuanze na kondoo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, kinamweka nyumbani: anachinjwa jioni ya siku ya 14 ya mwezi wa kwanza, damu inapakwa kwenye miimo na kizingiti cha mlango, nyama inaokwa motoni na kuliwa usiku huo pamoja na mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu, watu wakiwa na viatu miguuni na fimbo mkononi. Baadaye Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, likakataza kumchinja Pasaka popote isipokuwa mahali atakapopachagua Bwana, na mahali hapo pakaja kuwa Yerusalemu.

Kwa hiyo zama za Yesu Pasaka ilikuwa safari. Watu walipanda Yerusalemu kwa maelfu. Alasiri ya tarehe 14 Nisani, ndio huo mwezi wa kwanza, kondoo walichinjwa Hekaluni, makuhani wakiikinga damu kwa mabakuli na kuimwaga chini ya madhabahu, na Zaburi za Haleli, yaani ya 113 hadi ya 118, zikiimbwa. Kisha kila kundi likabeba mnyama wake hadi nyumba lilipofikia, likamwoka mzima juu ya kijiti cha mkomamanga. Wakali wa mishikaki wa Malindi wangependa kulijua hilo.

Mwaka 70 majeshi ya Roma chini ya Tito yalilichoma Hekalu, na kondoo akaondoka pamoja nalo. Pasipo madhabahu hakuna Pasaka ya kuchinjwa. Marabi walibaki na mkate, mboga chungu, divai na masimulizi, wakavipanga upya ili sikukuu isife. Mpangilio huo unaitwa seder, neno la Kiebrania lenye maana hiyohiyo ya mpangilio. Maelezo yake ya kwanza yaliyo kamili kiasi tunayapata katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilishwa kama mwaka 200. Humo ndimo tunamokuta vikombe vinne, maswali ya mtoto kwa baba yake, na agizo la Rabi Gamalieli kwamba asiyetaja mambo matatu, yaani kondoo wa Pasaka, mkate usiotiwa chachu na mboga chungu, hajatimiza wajibu wake.

Utaona basi mahali mhubiri wetu alipoteleza. Alichotuandalia ni seder, sikukuu iliyopata sura yake baada ya Hekalu kuanguka, miaka 40 na kitu baada ya usiku ule wa Yerusalemu. Kumnywesha Yesu vikombe vinne ni kama kusema Fumo Liyongo alikunywa chai ya maziwa kabla ya kwenda vitani: huenda angeipenda, lakini haikuwapo. Luka anataja vikombe viwili. Mathayo, Marko na Paulo kimoja. Na yule mbuzi wa kuchoma ndiye anichekeshaye zaidi, kwani Wayahudi wengi wa leo hawagusi nyama ya kuokwa usiku wa seder, isije ikadhaniwa wanakula Pasaka pasipo Hekalu. Huweka mfupa tu kwenye sahani, ukumbusho wa kondoo asiyekuwapo. Chapati nazo hazikupona: matza, yaani mkate usiotiwa chachu, inayotimiza wajibu usiku ule ni unga na maji matupu, na ikawekwa motoni kabla hazijapita dakika 18 tangu viguse maji. Chapati ya kusukumwa na samli haimo.

Halafu kuna hili la siku. Marko anasema chakula kiliandaliwa siku ya kwanza ya mikate isiyotiwa chachu, walipokuwa wakichinja Pasaka, na Mathayo na Luka wako naye. Ukisoma hao, karamu ya mwisho ni Pasaka. Yohana anakwenda njia nyingine. Kwake viongozi waliompeleka Yesu kwa Pilato asubuhi wanakataa kuingia ndani wasije wakatiwa unajisi, wapate kuila Pasaka jioni. Maana yake Pasaka bado. Yesu wa Yohana anakufa siku ya maandalio, siku ileile kondoo wanapochinjwa, na askari hawamvunji mfupa, kama Kutoka ilivyoagiza juu ya kondoo.

Mtaalamu Mjerumani Joachim Jeremias alitetea kwa nguvu kwamba ilikuwa Pasaka: wamo ndani ya Yerusalemu, ni usiku, wameegama, na wanaimba kabla ya kutoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Wanaompinga wanajibu kwamba karamu yoyote ya heshima iliweza kuwa hivyo, na kwamba katika masimulizi yote manne hakuna mahali nyama ya kondoo inaonekana mezani. Mimi naona Yohana ana hoja nzito kuhusu siku: baraza la Wayahudi kukutana na kuhukumu mtu usiku wa sikukuu yenyewe ni jambo gumu kulimeza. Lakini hata ukishika upande wa Marko, hewa ni ya Pasaka. Mji umejaa wageni, kila mtu anazungumzia ukombozi, na jina la Misri liko midomoni. Huwezi kumega mkate Yerusalemu wiki hiyo ukawa unamega mkate tu.

Bismillahi mwanzo, alhamdulillahi mwisho

Ikiwa si vikombe vya seder, mzizi uko wapi? Uko kwenye chakula cha kila siku, na hapa watu wa pwani tuna faida kuliko wasomi wengi wa Ulaya, kwa sababu mambo haya tunayaona kwa majirani.

Kaa na familia ya Kiislamu huku kwetu wakati wa kula. Sinia inashushwa katikati, mikono imeshanawishwa, na mkubwa anasema Bismillahi ndipo mkono unaingia. Wakishiba, Alhamdulillahi. Chakula kizima kimefungwa katikati ya maneno mawili. Meza ya Kiyahudi ina umbo kama hilo. Mwanzo, mwenye nyumba anashika mkate na kusema: "Umebarikiwa wewe, Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, utoaye mkate katika ardhi." Anaumega, anawapa waliopo, na chakula kimefunguliwa. Mwisho, watu wakishashiba, panatolewa shukrani ndefu zaidi, inayotokana na Kumbukumbu la Torati 8:10, kwamba ukila ukashiba umshukuru Bwana kwa nchi nzuri aliyokupa. Siku ya karamu shukrani hiyo husemwa juu ya kikombe cha divai, na marabi wanakiita kikombe cha baraka.

Sasa msome Paulo. Barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, iliyoandikwa katikati ya miaka ya 50, ndiyo maandishi ya zamani kuliko yote tuliyo nayo kuhusu usiku ule. Injili zilikuja baadaye. Anasema Bwana Yesu alitwaa mkate, akashukuru, akaumega. Kisha kinakuja kipande ambacho kwa miaka mingi nilikisikia kanisani bila kukisikia: "Na vivi hivi baada ya kula akakitwaa kikombe." Baada ya kula! Kati ya mkate na kikombe palikuwa na chakula kizima. Watu walikula, wakazungumza, wakachovya katika kombe moja (kombe la Biblia ni sahani kubwa, si lile la zafarani), Yuda akiwa miongoni mwao. Na sura moja kabla, kikombe chenyewe Paulo anakiita kwa jina lilelile la mezani: kikombe cha baraka.

Kwa hiyo Yesu hakubuni tendo jipya. Alichukua matendo mawili ambayo kila mwanamume wa Kiyahudi aliyafanya nyumbani kwake, la kufungua chakula na la kukifunga, akayapa maneno mapya: "Huu ndio mwili wangu", "Kikombe hiki ni agano jipya katika damu yangu." Mitume hawakuhitaji kufundishwa namna ya kumega mkate. Walifundishwa namna ya kuusikia. Hata alipoapa, kwa Marko, kwamba hatakunywa tena "uzao wa mzabibu" mpaka ufalme wa Mungu, alikuwa akirudia tamko la baraka ya divai, inayomsifu Mungu "aumbaye tunda la mzabibu".

Neno Ekaristi, jina jingine la komunyo, nalo linashuhudia. Ni Kigiriki cha "shukrani", na nyuma ya shukrani hiyo imesimama beraka ya Kiebrania, ambayo sikio la Mswahili halihitaji mkalimani kuitambua kuwa ni dada wa baraka yetu. Jambo moja huwapotea wengi: katika beraka, anayebarikiwa si mkate. Ni Mungu.

Kuna kitabu kidogo kiitwacho Didake, mafundisho ya Wakristo wa mapema sana, ambacho kilijulikana kwa jina tu mpaka nakala yake ilipopatikana Konstantinopoli, Istanbul ya leo, mwaka 1873. Sala zake za Ekaristi ukizipa kofia ya Kiyahudi zitakaa sawa kabisa kichwani. Zinaanza na kikombe, zikimshukuru Baba kwa "mzabibu mtakatifu wa Daudi". Kisha mkate, zikiomba kwamba kama ulivyokuwa umetawanyika juu ya milima ukakusanywa ukawa mmoja, ndivyo Kanisa likusanywe kutoka miisho ya dunia. Na baada ya kushiba, shukrani. Mwili na damu havitajwi katika sala hizo. Wengine hushtuka wakisikia hivyo. Mimi naona zinatuonyesha tu kwamba Wakristo wa kwanza walikuwa na nyimbo zaidi ya moja za meza moja.

Chakula cha katikati kilikwenda wapi? Wakorintho walikiharibu. Matajiri walifika mapema wakala na kunywa, maskini na watumwa wakafika wamechelewa wakakuta masinia meupe. "Huyu ana njaa, na huyu amelewa," Paulo anafoka, na anawauliza kama hawana nyumba za kulia. Taratibu chakula kikaachana na sakramenti. Kufikia katikati ya karne ya 2, Yustino shahidi, mwandishi Mkristo, anapoieleza ibada ya Jumapili huko Roma, kuna masomo, mahubiri, sala, mkate, divai iliyochanganywa na maji, na mashemasi wanaowapelekea wasiofika. Shibe haimo tena. Mkate na kikombe, vilivyokuwa kwenye ncha mbili za chakula, vimesogezwa vikagusana.

Ndiyo maana hostia yetu, mkate wa komunyo, ni nyembamba vile. Ni ukingo wa sinia uliobaki baada ya sinia kuondolewa.

Kukumbuka si kukumbuka tu

"Fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu." Kwa Kiswahili cha leo ukumbusho ni picha ya marehemu sebuleni, au fulana ya mkutano wa mwaka jana. Mtu akiishia hapo atasema komunyo ni kumfikiria Yesu kwa dakika mbili huku kwaya ikiimba.

Kiebrania kina neno zikaroni, nalo ndilo la Kutoka 12:14, "Na siku hii itakuwa ukumbusho kwenu." Ukumbusho huo hufanywa kwa kinywa na tumbo, na shabaha yake ni kumwingiza mtu ndani ya tukio. Mishna inasema wazi kwamba katika kila kizazi mtu anapaswa kujiona kana kwamba yeye mwenyewe ametoka Misri. Wala si babu zake: yeye. Mtoto anayeuliza swali mezani hajibiwi "Mungu aliwatoa". Anajibiwa kwa maneno ya Kutoka 13:8, kwamba ni kwa ajili ya hayo Bwana aliyonitendea *mimi* nilipotoka Misri.

Hapo ndipo mhubiri wa karamu yetu, pamoja na makosa yake ya tarehe, alipogusa mshipa. Kwa nini watu 80 walikaa juu ya mikeka wakila kachumbari ya kutoa machozi? Walitaka kuwamo. Lakini kanisa lao lilikuwa tayari lina njia ya kuwamo, kila lilipotandika Meza ya Bwana.

Ugomvi wa Wakristo wenyewe juu ya namna Kristo alivyomo katika mkate ni mrefu na hauna ladha, nitaupita mbio. Mtaguso wa nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1215, ulitumia neno la mageuzo: mkate na divai vinageuka vikawa mwili na damu. Mwaka 1529 Martin Luther na Ulrich Zwingli, vinara wa Uprotestanti, walikutana Marburg, Ujerumani, kupatana. Luther akaandika mezani kwa chaki "huu ndio mwili wangu" asiliondoe hilo neno "ndio", Zwingli akashikilia kwamba maana yake ni "unaashiria". Wakaachana hivyo. Sina hakika kama mvuvi yeyote wa Galilaya angewaelewa, ingawa angekuwa upande wa aliyekataa kuiacha aya.

Damu

Kuna kizingiti ambacho mizizi ya Kiyahudi, badala ya kukifanya chepesi, inakipandisha juu. Torati, katika Walawi 17, inakataza kula damu ya kitu chochote, kwa kuwa uhai wa mwili umo katika damu. Majirani zetu Waislamu wanalielewa hili bila somo: mnyama anachinjwa, damu inamwagwa, hailiwi. Sasa fikiria masikio ya namna hiyo yakiambiwa wanywe damu ya mtu. Yohana, sura ya 6, haifichi fadhaa iliyotokea. "Neno hili ni gumu," wanafunzi wakasema, na wengi wao wakarudi nyuma.

Damu yenyewe inatoka wapi? Si kwenye milango ya Misri peke yake. Maneno ya Marko, "Hii ndiyo damu yangu ya agano", yanaturudisha Kutoka 24. Musa yuko chini ya Sinai. Anachukua damu ya ng'ombe, nusu anaimwaga juu ya madhabahu, nusu anawanyunyizia watu, akisema, "Hii ndiyo damu ya agano." Kisha wazee wanapanda mlimani, na kinachofuata ni kula na kunywa mbele za Mungu. Damu, kisha chakula. Pande mbili zisizo ndugu zimekuwa ndugu.

Wazee wa pwani hii na bara yake walikuwa na jambo lao liitwalo kuchanjiana. Watu wawili walitiana chale, tone la damu la huyu likaliwa na yule pamoja na kipande cha nyama iliyochomwa, na kuanzia hapo kumsaliti mwenzako ilikuwa kumsaliti ndugu wa tumbo moja. Sisemi ni kitu kilekile. Nasema bibi yangu, aliyeijua habari hiyo, hakuwahi kuona ajabu damu na agano kutajwa katika sentensi moja, wakati mimi niliyesoma shule nilihitaji maelezo.

Na kuna uchungu ambao siwezi kuupita. Watu haohao waliokatazwa damu na Torati walizuliwa huko Ulaya, kuanzia karne ya 12, kwamba huua watoto wa Kikristo. Baadaye ikaongezwa kwamba damu ya watoto hao hutiwa kwenye mikate ya Pasaka. Wayahudi waliuawa kwa uzushi huo, mara nyingi karibu na Juma Kuu, na watu waliokuwa wametoka kupokea komunyo. Kanisa Katoliki lilisubiri mpaka mwaka 1965, kwenye Mtaguso wa pili wa Vatikano, kutamka rasmi kwamba mauaji ya Yesu hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Mkristo anayejivunia mizizi ya Kiyahudi ya meza yake na ayabebe na haya.

Meza waliyoiacha Wareno

Malindi ilikutana na Pasaka ya Kikristo mapema kuliko miji mingi ya kusini mwa ikweta. Vasco da Gama alitia nanga mbele ya mji jua likizama tarehe 14 Aprili 1498, na kesho yake ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Siku hiyo Wareno waliambiwa na mateka wao kwamba bandarini mna meli za Wakristo wa Bara Hindi, wakafurahi sana. Wanahistoria wengi wanaona walikuwa Wahindu. Katika mwaka huohuo au karibu nao, Leonardo da Vinci alikuwa akimalizia Milano ile picha ya Karamu ya Mwisho inayoning'inia katika nyumba za Wakristo hapa mjini, yenye meza ndefu, watu wote wamekaa upande mmoja kana kwamba wanapigwa picha, na vimkate vilivyoumuka vizuri. Mwaka 1542 Fransisko Ksaveri alipita hapa akielekea Goa, akamzika mwenzao aliyefia safarini. Kanisa dogo la makuti karibu na bahari linahusishwa na zama hizo.

Walichotuachia zaidi ni maneno. *Meza* ni ya Wareno. *Mvinyo* ni wa Wareno. *Padri* vilevile. Mlokole akikualika kwenye "Meza ya Bwana" anazungumza Kireno bila kujua. *Divai* nayo ilikuja na Kifaransa.

Lakini neno linalonifurahisha kuliko yote halikuja na meli za Ulaya. Wakristo Waarabu huiita Ekaristi kurbani, na Kiswahili kinalo neno hilo, kurubani, kwa maana ya sadaka. Ndugu yake wa Kiebrania ni korbani, lililomo katika Marko 7:11, na ndilo jina la sadaka zote za kitabu cha Walawi. Mzizi wake maana yake ni kusogea karibu. Ni mzizi uleule wa neno ambalo mgeni hulisikia kwanza akikanyaga Malindi, na ambalo hakuna mtu wa pwani anayeweza kula mbele yako bila kulitamka: karibu.

Kuhusu vyakula vyenyewe, sheria ya Kanisa Katoliki haina huruma na mazao yetu. Mkate lazima uwe wa ngano tupu, divai lazima itoke kwenye zabibu. Mahindi hapana, muhogo hapana, na tembo la mnazi, ambalo Mgiriama hawezi kufunga ndoa bila kulimwaga na kulinywa, hapana kabisa. Padri Jean-Marc Ela wa Kameruni aliuliza kwa sauti inakuwaje mkulima wa mtama amtolee Mungu mazao ya shamba la mtu mwingine. Swali zuri. Wanaolijibu husema ngano na zabibu ni uzi unaotufunga na usiku mmoja, katika mji mmoja, na Myahudi mmoja. Jibu zuri pia, ingawa huliona zuri zaidi ukiwa huna shamba la mtama.

Turudi kwa hamira. Injili zinapoutaja mkate alioumega Yesu zinatumia neno la Kigiriki la mkate wowote, si lile la mkate usiotiwa chachu. Anayesema ilikuwa Pasaka atasema lazima haukuwa na chachu. Anayemfuata Yohana atasema Pasaka ilikuwa bado, mkate wa kawaida ulikuwa halali. Wakristo wa Magharibi walishika njia ya kwanza, wengi wa Mashariki ya pili, na mwaka 1054, Roma na Konstantinopoli zilipotengana, hamira ilikuwa mojawapo ya mambo waliyotukaniana. Mpaka leo Waorthodoksi, wakiwemo wa Kenya, wanapokea mkate ulioumuka, na wanasema una uhai kama Kristo mfufuka. Sisi tunapokea usioumuka, tukishika maneno ya Paulo kwamba Kristo ndiye Pasaka wetu na chachu ya zamani itolewe.

Nilimpelekea mama jibu hilo juzi, asubuhi na mapema, unga wake ukiwa umeumuka mpaka umeinua kifuniko cha beseni, harufu ya iliki imejaa uchochoroni. Nilimweleza yote, Musa na Hekalu na kombe. Alisikiliza huku akikata madonge. Nilipofika kwa Waorthodoksi akainua kichwa.

"Kumbe wako wanaotia hamira?"

"Wako, mama. Wengi tu."

"Basi hao hawakimbii kitu." Akatumbukiza hamri la kwanza, likafura, likageuka lenyewe. "Na ile shilingi ishirini ya juzi, mwanangu, umeisahau au nikufanyie ukumbusho?"